Dada Wako wa Kazi Anapumzika Siku Gani?

Amri ya Sabato, kama ilivyo katika Torati, haiishii kwa mwenye nyumba. Inamwambia aache kazi siku ya saba, halafu inaanza kumhesabia watu wake mmoja mmoja: watoto wa kiume na wa kike, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, hata mgeni aliyefikia kwake. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaongeza sababu. Mtumwa na mjakazi nao wapumzike sawasawa na bwana wao, kwa kuwa bwana huyo naye alipata kuwa mtumwa Misri. Ukiisoma vizuri, utaona kuwa anayepewa amri hapo ni bosi.

Nalisema hili mapema kwa sababu Sabato ya Wayahudi imegeuka mtindo hata kwa watu ambao si Wayahudi. Vitabu vinaandikwa, semina zinafanywa, hoteli zinauza wikiendi zisizo na intaneti. Zima simu siku moja kwa wiki, tunaambiwa, upate utulivu wa moyo. Ushauri wenyewe si mbaya, ila ndani yake hamna mjakazi wala punda. Rafiki yangu mmoja wa Mbezi Beach anaufuata barabara. Jumapili simu yake iko kwenye droo tangu asubuhi, yeye yuko barazani na kitabu, watoto wamepelekwa ufukweni. Dada wa kazi ameamka saa kumi na moja alfajiri kukanda unga wa chapati, na saa nne usiku bado anasugua sufuria. Kwa kipimo cha Torati, nyumba hiyo haijashika Sabato. Imemhamishia mwingine kazi.

Mimi ni Mwislamu wa Ngamiani, Tanga, na mambo ya Sabato nimejifunzia kazini. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mlezi wa wazee Brooklyn, New York, katika mtaa wa Borough Park wenye Wayahudi wengi wa madhehebu ya Kihasidi. Ijumaa, muda mfupi kabla ya machweo, king'ora hulia mtaani kutangaza kuwa Sabato imekaribia. Bibi niliyemhudumia alikuwa mjane mzaliwa wa Hungary, mwenye magoti mabovu na akili kali kuliko yangu.

Asubuhi ya Ijumaa nyumba yake ilikuwa ya kukimbizana. Sheria ya Sabato inakataza aina 39 za kazi, na humo mna kuwasha moto, kupika, kuchana na kuandika, kwa hiyo kila kitu sharti kitangulie. Balbu ya ndani ya friji ilegezwe isije ikawaka mlango ukifunguliwa. Karatasi za chooni zichanwe na kupangwa. Cholent, ambao ni mchuzi mzito wa maharage, shayiri, viazi na nyama, uwekwe juu ya bati lililofunika moto mdogo wa gesi, ulale hapo mpaka mchana wa Jumamosi. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo, kwa takriban saa 25, simu, pesa na kalamu haziguswi.

Lililonishangaza zaidi lilihusu taa. "Mimi siruhusiwi kukuagiza uniwashie taa," aliniambia nilipoanza kazi. "Ila ukiwasha kwa haja yako, nami nikaona kwa mwanga huo, hapo hapana neno." Sheria hiyo imo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika mnamo mwaka 200. Nikamuuliza: kwa nini asiniagize, nami si Myahudi wala sina Sabato ya kuvunja? Akanijibu kuwa wanazuoni wao wametoa sababu zaidi ya moja, na anayoipenda yeye ni kwamba unayemtuma ni kama mkono wako. Huwezi kukaa kitini umekunja mikono miwili huku mkono wa tatu ukikufanyia kazi, kisha ukasema umepumzika.

Ugonjwa ulikuwa na hukumu nyingine. Kuokoa uhai kunaiondoa Sabato njiani, na ambulensi ingeitwa papo hapo bila kumsubiri rabi atoe ruhusa. Maagizo hayo alikuwa ameyatoa tangu siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala.

Msomaji atauliza: na wewe je, hukufanya kazi siku yao ya Sabato? Nilifanya. Mzee hawezi kuachwa peke yake, na mimi sikuwa katika dini yao. Lakini Jumapili ilikuwa yangu. Bintiye alikuja asubuhi, nikavaa koti, nikaondoka, na hakuna aliyenipigia simu kuniuliza vidonge viko wapi. Vidonge vilikuwa vimeshapangwa, karatasi ya maelezo iko juu ya friji. Familia iliyozoea kuandaa kila kitu kabla ya jua la Ijumaa kuzama haikuona tabu kuandaa Jumapili bila mimi. Bahasha ya mshahara nayo nilikabidhiwa Ijumaa kabla ya mishumaa. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri, na hukumu hiyo imerudiwa katika kitabu cha Walawi na katika Kumbukumbu la Torati, pamoja na sababu yake: kibarua ni maskini na roho yake iko kwenye ujira huo. Nasi Waislamu tumefundishwa jambo lilo hilo tangu madrasa, kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kulijua tunalijua. Tatizo letu ni tarehe 30.

Sitaki nieleweke kuwa kila nyumba ya Borough Park ilikuwa hivyo. Walezi wenzangu kutoka Haiti, Jamaica na Georgia walikuwa na visa vyao: mwajiri anayepiga simu mara tano siku ya mapumziko, mwajiri anayekata mshahara kwa kikombe kilichovunjika. Waliowatendea hivyo walikuwa Wayahudi, Wakristo, na wengine wasio na dini. Kushika amri ni kazi ya mtu mmoja mmoja, na kitabu kitakatifu hakimshikii mtu yeyote.

Wanazuoni wao walilijua hilo, ndiyo maana walishuka hadi kwenye mambo madogo kabisa. Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao juu ya Mishna, ikizungumzia mtumwa wa Kiebrania, inasema anayemnunua ni kama amejinunulia bwana. Hairuhusiwi wewe ule mkate mweupe yeye ale makapi, wala wewe ulale kwenye godoro laini yeye alale kwenye majani makavu. Wafafanuzi wakaenda mbele zaidi: kama nyumbani pana mto mmoja tu wa kulalia, apewe mtumwa. Fikiria hukumu hiyo inasomwa kwa sauti katika nyumba zetu, ambamo dada wa kazi analala kwenye mkeka jikoni, jirani na mtungi wa gesi, na chumba cha wageni kimefungwa kwa ufunguo tangu Idi iliyopita.

Hukumu ya mtumwa asiye Mwebrania ilikuwa ngumu zaidi, na sina sababu ya kuipaka rangi. Sheria iliruhusu atumikishwe kwa ukali. Moses Maimonides, ambaye Waarabu wanamwita Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Cordoba akafariki Misri mwaka 1204, aliiandika sheria hiyo kama ilivyo, kisha akamgeukia msomaji wake. Alisema kuwa pamoja na ruhusa hiyo, mtu mwema na mwenye hekima hamwelemezi mtumwa wake. Humlisha katika kila anachokula na humnywesha katika kila anachokunywa. Hamdhalilishi kwa mkono wala kwa ulimi, hamfokei, na akiwa na malalamiko humsikiliza kwa utulivu. Alikuwa tabibu katika ikulu ya Misri, na nyumba za watu wenye watumishi alizijua kwa ndani. Aliona kuwa sheria peke yake haitoshi kumzuia mwenye nguvu, akadai pia tabia.

Wanaoipenda Sabato ya kisasa humtaja sana rabi Abraham Joshua Heschel, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1907. Alitoka Poland wiki chache kabla majeshi ya Hitler hayajaivamia mwaka 1939, akapoteza mama yake na dada zake katika vita ile. Mwaka 1951, akiwa Marekani, alitoa kitabu kidogo kuhusu Sabato. Hoja yake ni kwamba binadamu wa leo amekuwa hodari wa kuteka ardhi na vitu, akasahau kuwa maisha yake yenyewe yameshonwa kwa wakati, na kwamba Wayahudi walijenga hekalu lao ndani ya wakati, mahali ambapo hakuna jeshi linaloweza kulichoma. Ni kitabu kizuri, nami nakipenda. Ila wanaokinukuu wanapenda kuishia kwenye utulivu, wakamsahau Heschel wa Machi 1965, mwenye ndevu nyeupe, aliyetembea safu ya mbele huko Selma, Alabama, pamoja na Martin Luther King, watu weusi wapate haki ya kupiga kura. Aliyeandika juu ya pumziko alitoka akachoka kwa ajili ya haki ya wengine. Mambo hayo mawili kwake yalikuwa dini moja.

Na kama kuna anayedhani kuwa pumziko ni jambo la moyo wa mtu binafsi tu, aende New York ya mwaka 1911. Wakati huo maelfu ya Wayahudi kutoka Urusi na Poland walikuwa wanashona nguo viwandani, na wengi walilazimika kuchagua kati ya Sabato na kibarua. Asiyekuja Jumamosi aliambiwa Jumatatu asirudi. Kiwanda cha Triangle kilikuwa kinashona blauzi za kike katika ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi ya jengo moja. Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walikuwa Wayahudi, na wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano. Moto ulizuka tarehe 25 Machi, karibu na saa ya kufunga. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, makumi yao wakijirusha madirishani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na jua lilikuwa bado halijazama.

Wenye kiwanda wale walijua Sabato ni nini. Walizaliwa katika nyumba zinazoijua. Ndiyo maana nasema amri hii ina uzito pale tu inapomfunga mwenye ufunguo wa mlango. Waliolielewa hilo mapema walikuwa wafanyakazi wenyewe. Miezi kumi na sita kabla ya moto, katika mkutano wa Novemba 1909, binti mmoja mshonaji, Clara Lemlich, alichoshwa na hotuba ndefu za wakubwa, akapanda jukwaani, akaomba kwa lugha yao ya Kiyidishi mgomo uitishwe. Washonaji wapatao 20,000 waligoma. Kati ya waliouona moto wa Triangle kwa macho alikuwamo Frances Perkins, mwanamke aliyekuja kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani mwaka 1933. Sheria ya saa za kazi na kima cha chini cha mshahara aliyoipigania ilipitishwa mwaka 1938.

Sasa tazama nani aliachwa nje ya sheria ile: watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashambani. Yaani yule mjakazi, ambaye Torati ilimtaja kwa cheo chake, na yule mwenye kumshika ng'ombe, ndio waliosahauliwa. Watumishi wengi wa nyumbani walisubiri hadi mwaka 1974 ndipo kima cha chini cha mshahara kikawahusu. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa nyumbani, mwaka 2010, na ndani yake mna siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wafanyakazi wenyewe ndio walioipigania kwa miaka, wengi wao wanawake wa Karibea, Asia na Amerika ya Kusini. Katika kampeni hiyo waliungwa mkono na Wayahudi waajiri waliokwenda kwa waajiri wenzao, sinagogi kwa sinagogi, wakiwauliza: anayewalelea watoto mnamlipa nini, na anapumzika lini? Katika habari zote za Sabato nilizokutana nazo, hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi. Bosi alisomewa amri yake na bosi mwenzake.

Hata huko kazi haijakwisha. Mlezi anayekaa na mgonjwa saa 24 New York anaweza kulipwa saa 13 tu, kwa hesabu kuwa nyingine amelala na amekula. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo iliiacha hesabu hiyo isimame. Aliyewahi kulala kitanda kimoja na kengele ya mgonjwa anajua usingizi huo ni wa namna gani.

Nimerudi Tanga, na nikilisema jambo hili nyumbani, majibu ninayopewa ni matatu.

La kwanza: dada wa kazi kwetu ni kama ndugu, hatuhesabiani siku. Basi mtendee kama ndugu. Ndugu yako akitaka kwenda kumuona mama yake Korogwe, hakuombi kibali wiki mbili kabla, na akirudi hakuti vyombo vya siku nzima vinamsubiri. Undugu unaojitokeza wakati wa kutumwa na kupotea wakati wa kupumzika, huo ni ujanja wa kukwepa gharama.

La pili: hapa si Marekani, maisha ni magumu, nani atabaki na mtoto? Swali la mtoto ni la kweli, na mama anayefanya kazi mjini analijua kuliko mimi. Lakini Wayahudi wa Hungary na Urusi waliokuwa wanashika Sabato vijijini kwao hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni maandalizi. Chakula kilipikwa jana yake, maji yakachotwa jana yake, na aliyezoea kuhudumiwa akajifunza kujihudumia. Baba mwenye afya njema anaweza kumwogesha mwanawe Jumapili. Wali wa Jumamosi unaweza kupashwa moto.

La tatu: hakuna sheria inayonilazimisha. Ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, imeweka siku moja katika kila siku saba. Sheria ziko kwenye makabati. Ofisa wa kazi hawezi kupita jikoni kwa kila mtu, na hapo ndipo dini ingetakiwa kufika mahali ambapo serikali haifiki.

Jambo jingine la kujifunza kwa Wayahudi ni saa maalumu. Sisi tukiambiwa tupumzike tunasema "nikimaliza". Sabato haisubiri umalize. Jua likizama, shati lililobaki bila kupigwa pasi linabaki hivyo hivyo. Mwanzoni niliona ni ukaidi, baadaye nikaiona faida yake: mtumishi anajua, bila kumuomba mtu, saa ambayo kazi itakwisha. Pumziko linalotegemea huruma ya bosi halipangiki. Huwezi kuahidi utahudhuria harusi ya mdogo wako, huwezi kujiandikisha kwenye darasa la ushonaji, huwezi hata kulala ukiwa na uhakika kuwa hutaitwa. Watumishi wetu wengi wanaishi hivyo mwaka mzima, na simu imezidisha, kwa kuwa hata akienda kwao, sauti ya bosi inamfuata mfukoni.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuishi vizuri katika dunia hii ya mbio, zima simu yako ukipenda. Ila kabla hujaizima, fanya mambo manne. Mwite anayekufanyia kazi, awe dada wa kazi, mlinzi, au kijana wa bustani, mkubaliane siku ya wiki iliyo yake, na muiandike. Mlipe tarehe mliyokubaliana, bila kungoja aulize. Siku yake isiwe na deni la kazi linalomngoja usiku. Na siku hiyo usimpigie simu, hata kama hujui chumvi iko wapi. Itafute.

Masheikh, maaskofu na wachungaji nao nawaomba jambo moja. Mnahubiri kila wiki kuhusu siku ya ibada. Ijumaa hii na Jumapili hii, waulizeni waumini wenu, kwa sauti na bila kuzunguka: wakati mko hapa, nyumbani mmemwacha nani, na yeye siku yake ni ipi? Muumini asiye na jibu hajaishika siku yake.